Jinzi ya kuvaa na buti: pima buti kwanza, bei baadaye

Muuzaji wa jinzi Dar es Salaam atakuuliza swali moja tu: unavaa saizi ngapi? Anamaanisha kiuno. Kwa mtu wa raba hilo linatosha. Mwenye buti ana swali la pili ambalo haulizwi na mtu, nalo ni upana wa mguu wa suruali pale chini. Kiuno kikipwaya kuna mkanda na kuna fundi. Mguu ukiwa mwembamba kuliko shingo ya buti, fundi hana pa kutoa kitambaa cha kuongeza. Suruali itapanda juu ya buti kila ukikaa kwenye daladala, ukisimama haishuki, na utashinda unaivuta chini kwa mkono.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: buti kwanza, jinzi ya kulifuata, fundi mwisho. Pesa igawanywe kwa utaratibu huohuo.

Vipimo vya kuchukua nyumbani

Vaa buti lenyewe pamoja na soksi utakazovaa nalo, funga kamba kama unavyofunga siku zote. Zungusha futi kamba kwenye ukingo wa juu wa shingo ya buti na uandike mzunguko kwa inchi, maana mafundi na wauza jinzi wote wanahesabu inchi. Kama huna futi kamba, zungusha uzi kisha uupime kwa rula.

Sasa chukua suruali yoyote inayokukaa vizuri, hata kama si jinzi. Ilaze mezani, vuta kiuno cha mbele na cha nyuma vilingane, pima kutoka upande mmoja hadi wa pili na uzidishe kwa mbili. Hicho ndicho kiuno chako cha kweli. Pima pia mguu wa ndani, kuanzia pale mishono minne inapokutana kwenye msamba hadi mwisho wa pindo. Andika namba tatu hizi kwenye simu: buti, kiuno, mguu wa ndani. Futi kamba nayo iingie mfukoni, utaihitaji sokoni.

Namba za kwenye lebo zisikutawale. W32 L34 maana yake ni kiuno inchi 32 na mguu wa ndani inchi 34, lakini viwanda vingi hukata kiuno kikubwa kuliko kinavyoandikwa, na jinzi ya mtumba imeshafuliwa huko ilikotoka mpaka urefu umepungua. Unaweza kukuta W32 mbili kwenye meza moja zinazotofautiana inchi mbili nzima.

Upana wa chini unaofaa kila buti

Upana wa chini wa jinzi hupimwa ikiwa imelazwa, kutoka mshono wa ndani hadi mshono wa nje penye pindo, halafu unazidisha kwa mbili kupata mzunguko. Toa mzunguko wa buti. Tofauti ikiwa inchi 2.5 hadi 4, jinzi itashuka juu ya buti bila kukwama na bila kupepea. Ikiwa chini ya inchi 1, itanasa. Ikizidi inchi 6 unarudi enzi za bugaluu, jambo ambalo si kosa kama ndilo ulilolikusudia.

Chelsea, lile buti fupi lisilo na kamba lenye mpira pembeni, huwa na mzunguko wa karibu inchi 10 hadi 11. Tafuta jinzi yenye upana wa chini wa inchi 6.5 hadi 7. Hapa jinzi nyembamba inapendeza kwa sababu shingo ya buti ni laini na inalala karibu na mguu. Modo ya kubana kabisa, yenye inchi 5, itaishia juu ya buti kwa mikunjo na kufanya mguu uonekane mwembamba juu ya kiatu kikubwa.

Mabuti ya kazi na yale ya njano ya mtindo wa Timberland yana ulimi mnene na ukingo uliojazwa sponji. Mzunguko wake hufika inchi 12 na zaidi. Yanataka mguu ulionyooka, upana wa inchi 7.5 hadi 8. Ukitaka kuyavaa kwa mtindo wa kulegeza kamba na kuchomoa ulimi, hapo jinzi haishuki juu ya buti bali inatua nyuma ya ulimi, na upana wa inchi 6.5 unatosha.

Buti la kichunga ng'ombe la Kimarekani lina shingo ndefu yenye mzunguko wa inchi 14 au 15, ila jinzi huifunika yote. Bila upana wa inchi 8.5 hadi 9 utaona umbo la ukingo wa buti limejichora katikati ya muundi. Wrangler walitoa jinzi yao ya 13MWZ mwaka 1947 kwa ajili ya wapanda farasi hasa, na mpaka leo mguu wake unapita juu ya buti la aina hiyo bila shida.

Kwa dada anayevaa buti la kisigino, upana unategemea kama kisigino ni kinene au chembamba. Kisigino kinene kinabeba mguu mpana wa inchi 8 au 9 unaofika karibu na sakafu. Kisigino chembamba kinapendeza na mguu mwembamba unaoishia pale pale buti linapoanzia au unaoingia ndani yake.

Mtumba ukiwa na kipande cha ngozi nyuma ya kiuno, kisome, kitakuokolea muda. Kwa Levi's, 501 ni mguu ulionyooka wenye vifungo badala ya zipu, na 505 ni mguu ulionyooka wenye zipu. 511 ni nyembamba. 517 ndiyo iliyokatwa kwa ajili ya buti, inapanuka kidogo kuanzia goti kwenda chini, na 527 ni nduguye. Jihadhari na 550: mapaja mapana, chini imebanwa, nayo huwadanganya wengi kwa sababu ikiwa imetundikwa inaonekana pana kote. Kwa Wrangler, 936 ni 13MWZ iliyopunguzwa mwili. Namba hizi zinakupa mwelekeo tu, neno la mwisho ni la futi kamba.

Urefu

Kwa buti la kawaida, pindo la mbele liguse kamba au ngozi ya buti na kufanya mkunjo mmoja mdogo, na la nyuma liishie sentimita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Huko ughaibuni utaambiwa sentimita 1 inatosha. Kwa Dar, hapana. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za kuanzia Oktoba huacha madimbwi kwenye kila njia isiyo na lami, na pamba hunyonya maji kwenda juu. Pindo likigusa tope asubuhi, saa sita mchana unyevu uko kwenye muundi.

Pima ukiwa umekaa pia. Ukikaa kwenye kiti au nyuma ya bodaboda, pindo hupanda sentimita 5 au zaidi. Kama hapo ngozi ya mguu inaonekana juu ya buti, jinzi ni fupi. Ukisimama, pindo lishuke lenyewe bila kusaidiwa. Lisiposhuka, ni jembamba. Jaribio hili la kukaa na kusimama linachukua sekunde kumi na linafichua zaidi ya kioo. Kwenye bodaboda kuna la ziada: mguu mpana ukilegea upande wa ekzosi huungua, kwa hiyo mwenye inchi 9 akunje kabla ya kupanda.

Kukunja pindo kwa nje kunaruhusiwa na mabuti ya kazi na ya kamba. Mkunjo mmoja au miwili, wa sentimita 3 hadi 4, basi. Chelsea na buti la kisigino havitaki mkunjo mnene.

Kitambaa kwa joto letu

Uzito wa kitambaa cha jinzi hupimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Chini ya 12 ni chepesi, 12 hadi 16 ni cha kati, kuanzia 16 ni kizito. Wapenzi wa jinzi nzito watakushauri 14 kwenda juu, na kwa nchi za baridi wana haki. Dar ya Januari, aunsi 14 kwenye foleni ya Mwendokasi ni adhabu, na masika haikauki kwa siku moja, matokeo yake inanuka uvundo. Lenga 11 hadi 13. Ikishuka chini ya 10 unapata ubaridi lakini unapoteza mteremko, kwani kinachoishusha jinzi juu ya buti ni uzito wake. Chepesi hujikusanya kwenye shingo ya buti na kubaki huko.

Lebo za sokoni mara nyingi haziandiki aunsi. Kunja pindo kati ya vidole viwili kisha liachie. Kitambaa kizito hubakia na kona, chepesi hulala papo hapo kama shuka. Halafu soma lebo ya ndani, kwenye mshono wa kushoto. Pamba 100%, au pamba 98% na elastane (uzi unaovutika) 2%, ni sawa. Elastane ikifika 4 au 5, goti hutoka kifuko baada ya muda mfupi na kitambaa hung'ang'ania buti. Polyester nyingi hukauka haraka, ni kweli, lakini hushika joto na jasho.

Na kitu kimoja cha kuacha kabisa: suruali yenye mabaka ya jeshi, hata ikupendeze vipi na buti lako. Sheria ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo.

Kuikagua mezani

Mitumba ya Karume pale Ilala, Manzese na Tandika ndiko uliko uchaguzi mpana wa jinzi za miguu iliyonyooka na ya kupanuka, kwa sababu zilivaliwa huko nje miaka ambayo mtindo ulikuwa huo. Robota likifunguliwa asubuhi bei huwa juu na mzigo bado una vitu vya maana. Jioni ni kinyume chake. Jinzi mpya za Kariakoo huelemea modo na mitindo ya msimu. Vaa bukta au taiti ndani ili ujaribu pale pale. Mtindo wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni usiutegemee, unakubali kwa baadhi ya miili na kuwaangusha wengine.

Ukaguzi uanzie msamba. Igeuze nje-ndani, inyanyue kwenye mwanga na uangalie eneo la mapaja chini ya msamba. Kitambaa kikipitisha mwanga au nyuzi nyeupe za mlalo zikionekana peke yake, zile za buluu zimeshasagika. Ukiinama kufunga kamba za buti itachanika. Kiraka kilichoshonwa vizuri hapo si dhambi, lakini kishushe bei.

Kisha ilaze na ufuate mshono wa nje kutoka kiunoni hadi chini. Kwenye baadhi ya jinzi mshono huo huzunguka na kuja mbele ya muundi. Hali hiyo hutokana na msokoto wa kitambaa chenyewe, fundi hawezi kuirekebisha, na juu ya buti inaonekana kuliko juu ya raba kwa sababu pindo zima hukaa kishingo upande. Mshono ukiwa umesogea zaidi ya inchi 1 kwenye pindo, irudishe mezani.

Angalia kona za mifuko. Ndipo mkono unapovuta kila siku, na ndiyo sababu Levi Strauss na fundi Jacob Davis walipata hataza ya Marekani ya kukaza kona hizo kwa ribiti, vile vipini vidogo vya chuma, tarehe 20 Mei 1873. Ribiti ikicheza, kitambaa kinachoizunguka kimeshachoka. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Lupu za mkanda zivute kwa nguvu. Pindo la nyuma likiwa limelika kwa kukanyagwa, usilikatae kama jinzi ni ndefu, utalikata.

Jambo la mwisho ni rangi. Chukua leso nyeupe, ilowanishe kidogo, isugue mara kumi kwenye paja. Ikitoka buluu iliyokolea, jinzi hiyo itachafua buti la rangi ya kahawia hafifu au la ngozi ya manyoya mafupi, yaani suede.

Kuhusu rangi ya kuoanisha hakuna mengi. Buti jeusi linakwenda na nyeusi, kijivu na buluu iliyokolea. La kahawia linakwenda na buluu yoyote. Jinzi ya kahawia juu ya buti la kahawia lisilofanana nayo haipendezi.

Utumie kiasi gani

Kama una Sh 100,000 kwa vyote, weka Sh 65,000 hadi 70,000 kwenye buti, Sh 20,000 hadi 25,000 kwenye jinzi, na ibaki Sh 5,000 ya fundi na nauli. Sababu ni ya kazi: buti baya linaumiza mguu na soli yake inabanduka, wakati jinzi ya mtumba iliyopimwa vizuri na kupitiwa na fundi haitofautiki na ya bei mara tano ikishavaliwa.

Kwa jinzi peke yake, vikomo vyetu ni hivi. Ya kuchezea tope, karakana au safari za bodaboda, usizidishe Sh 15,000. Ya kuvaa mjini, yenye pamba ya kutosha na msamba mzima, kati ya Sh 15,000 na 30,000, na hapo ndipo tunaposhauri watu wengi wabaki. Panda hadi Sh 45,000 kwa mpya ya dukani kama mwili wako haupatikani kwenye mitumba, tuseme kiuno 28 au 42, au unataka nyeusi isiyopauka. Zaidi ya Sh 80,000, kwenye maduka makubwa ya aina ya Mlimani City, unalipia chumba cha kujaribia, saizi zote na haki ya kurudisha. Kwa mtu asiye na muda wa kuchambua meza hiyo ni sababu halali. Ila jinzi mpya yenye jina kubwa inayouzwa Sh 25,000 ihesabu kuwa ni nakala na uihukumu kwa kitambaa chake.

Bei hizi hupanda karibu na Idi na Krismasi, na hushuka ukichukua mbili kwa muuzaji mmoja. Usionyeshe kwamba umeshapima na imekukaa. Taja kasoro moja ya kweli, pindo lililolika kwa mfano, kisha sema bei yako: "Kaka, hii chini imekwisha, lazima niipeleke kwa fundi. Chukua kumi na tano." Kasoro ya kubuni wanaijua, na bei haishuki.

Ukitaka kujua kama umepunjika, gawanya. Jinzi ya Sh 25,000 na fundi Sh 4,000 ni 29,000. Ukiivaa mara mbili kwa wiki kwa mwaka, ni karibu mara 100, sawa na Sh 290 kila unapoivaa. Ya Sh 10,000 iliyochanika msamba baada ya kuvaliwa mara 15 imekugharimu zaidi ya Sh 660 kila mara.

Kwa fundi

Ifue kwanza. Jinzi mpya ya pamba tupu ifue na kuikausha mara mbili kabla haijakatwa, kwa kuwa hata kitambaa kilichotibiwa kiwandani kinaweza kurudi kwa 3%. Kwenye mguu wa inchi 32, ambao ni sentimita 81, hiyo ni karibu sentimita 2.5, na ndizo zinazotenganisha urefu mzuri na suruali fupi kama ya kuvukia mafuriko.

Nenda na buti mguuni. Simama wima, usitazame chini, maana ukiinama suruali hupanda. Mwambie: "Fundi, mbele iguse buti, nyuma iache sentimita tatu. Weka chaki kwanza, usikate." Akishachora, tembea hatua chache, kaa, simama, kisha angalia chaki tena. Miguu yote miwili ichorwe peke yake, kwani wengi wetu mmoja umezidi kidogo. Mkasi upite inchi 1 chini ya chaki, inchi hiyo ikunjwe mara mbili ya nusu inchi. Sindano iwe namba 16 au 18 na uzi uwe mnene, wa rangi ya mishono mingine. Uzi mwembamba wa mashati hukatika kwenye pindo la jinzi mapema, tena huanzia nyuma ya kisigino.

Kama pindo lake la kiwandani lina mpauko unaoupenda, mwombe alihifadhi: analikata, anafupisha mguu, kisha analishona tena pale pale. Ni kazi ndefu kidogo, iongezee hela bila ubishi.

Kupunguza upana wa mguu kunawezekana kwenye mshono usio na mistari miwili ya juu, ambao kwa jinzi nyingi ni wa nje. Mwisho ni inchi 1 ikiwa imelazwa, kuanzia goti kwenda chini. Ukizidisha, mguu unajipinda. Kiuno nacho hupunguzwa nyuma, katikati, hadi inchi 1.5, kupita hapo mifuko ya nyuma inakaribia kugusana. Mwenye nyonga pana anunue inayoenea nyonga na kumwachia fundi kiuno, asifanye kinyume.

Kufua

Igeuze nje-ndani, maji ya baridi, sabuni ya unga kidogo, usiikamue kwa kuisokota. Ianike kivulini ikiwa imening'inizwa kwa pindo, kiuno chini. Uzito wa maji unainyoosha miguu na hutahitaji pasi. Jua la hapa linapausha upande mmoja ukiisahau kambani. Chumvi na siki havizuii buluu ya jinzi kutoka, hata kama jirani ameapa. Kinachosaidia ni kuifua mara mbili au tatu peke yake kabla ya kuivaa na buti la rangi hafifu. Buluu ikishapanda kwenye ngozi laini ya buti, ifute mapema kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Kwenye ngozi ya manyoya usitie maji, sugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli kuelekea upande mmoja.